Kusoma Wapuritani kwa ibada, si kwa mtihani: tupeane uzoefu

Taa Mezani
Bwana asifiwe wapendwa. Kile kitabu cha mafundisho cha Thomas Watson, mhubiri wa Wapuritani (Waprotestanti wa Uingereza wa karne ya 16 na 17 waliotaka kanisa litakaswe zaidi), watu hukianza kwa moto, kisha kinafia kwenye sifa za Mungu, hata Utatu hawajaufikia. Kitabu hakina kosa, ila kinasomwa mbiombio kama gazeti. Tupeane uzoefu: kiasi gani kwa siku, mnaanzia wapi, nini hukwamisha?

Naanza. Watson alikuwa akihubiri Katekisimu Fupi ya Westminster, yaani mafundisho ya imani kwa maswali na majibu, ile ya 1647 yenye maswali 107. Kitabu kilichapwa 1692, mwenyewe keshafariki, kikiwa na mahubiri zaidi ya 176. Kwa hiyo unayosoma ni mahubiri, na hubiri la Mpuritani lina viungo vinne: andiko, fundisho, sababu, matumizi. Andiko lisome kwa sauti. Fundisho ni sentensi moja, iandike kwenye daftari. Sababu huja kwa orodha ndani ya orodha, usiogope. Matumizi ndiyo ibada yenyewe: hapo anakufundisha, anakukemea, anakupima, anakuhimiza, anakufariji. Wengi humaliza nguvu kwenye sababu, wakifika matumizi wamechoka, wanaruka.

Hubiri moja lipewe wiki. Jumatatu andiko na fundisho. Jumanne na Jumatano sababu. Alhamisi mpaka Jumamosi matumizi, moja kwa siku, na kila moja ligeuzwe kuwa sala kwa maneno yako mwenyewe. Jumapili usisome jipya, rudia daftari. Dakika 25 zinatosha: 10 za kusoma, 15 za kutafakari na kuomba. Ukigeuza hesabu hiyo, ukasoma 20 na kuomba 5, utajaa kichwa na moyo utabaki baridi.

Mwimbaji wa Zaburi
Matumizi! Hapo ndipo penyewe. Amina.

Dada Daftari
Mtumishi, wiki nzima kwa hubiri moja ni polepole mno kwa anayeanza. 176 kwa mwendo huo ni zaidi ya miaka mitatu. Aanze na matumizi, akiguswa ndipo arudi kwenye fundisho.

Taa Mezani
Hapana dada. Matumizi bila fundisho ni kumeza dawa bila kujua ugonjwa. Na hiyo miaka mitatu haina tatizo, waliomsikiliza Watson hawakuyasikia yote kwa wiki moja.

Mzee wa Kanisa
Wote wawili mnaanza mbali. Anzeni na katekisimu yenyewe, kisha Watson. Swali la 4, Mungu ni nini? Jibu lake, kwa Kiswahili cha kawaida: Mungu ni Roho, asiye na mpaka, wa milele, asiyebadilika, katika uwepo wake, hekima, uweza, utakatifu, haki, wema na kweli. Hesabuni: maneno matatu ya mbele, mambo saba ya nyuma. Tatu mara saba ni 21. Wiki tatu kamili za tafakari ndani ya jibu moja! Siku ya kwanza, uwepo wake hauna mpaka. Siku ya pili, hekima yake haina mpaka. Wiki ya pili unarudia saba zile kwa umilele, wiki ya tatu kwa kutobadilika. Ukifika siku ambayo unamwambia Mungu kwamba wema wake haubadiliki, hutahitaji mtu akuambie maana ya ibada.

Kosa la kawaida ni kulikariri jibu lote kwa pumzi moja. Kukariri ni kwema, ila ni kama kuweka akiba ghalani. Chakula bado hakijapikwa.

Dada Daftari
Siku 21 hizo nimezinakili. Asante mzee.

Mwanzi Uliopondeka
Niseme jambo zito, maana hili ndilo linaloumiza watu na halisemwi.

Ndani ya matumizi mna lile la kujipima. Mhubiri anatoa alama za mtu aliyeokoka kweli: anachukia dhambi hata ya siri, anampenda Mungu kuliko zawadi zake, anapenda watakatifu, na kadhalika, pengine alama nane, pengine kumi. Msomaji mwenye dhamiri laini anachukua daftari, anajipa alama kama mwalimu. Kwenye tatu anasita. Kesho yake tano. Baada ya mwezi haombi tena, maana anaona kuomba ni unafiki. Meza ya Bwana anaikwepa. Halafu anaongeza kusoma akitafuta alama atakayofaulu, na kila kitabu kinampa orodha nyingine. Hapo ndipo pabaya kabisa, kwa sababu kwa nje anaonekana mcha Mungu anayekua.

Chanzo chake ni hiki. Wahubiri wale walisema na parokia za Uingereza ambako karibu kila mtu alibatizwa mtoto na kujiona Mkristo kwa kuzaliwa tu. Alama zile ni nyundo ya kuamsha waliolala. Aliyekwisha amka akijipiga nayo kila siku ataumia.

Kinachosaidia:

Kujipima kuwe na wakati wake, hasa kabla ya Meza ya Bwana, 1 Wakorintho 11:28. Si kila asubuhi.

Tafuta kama alama ipo, usipime ukubwa wake. Cheche ni moto.

Usifunge kitabu kwenye alama. Endelea mpaka matumizi ya faraja, hata kama ni kurasa tano mbele.

Soma Ungamo la Westminster, tamko la imani lililo ndugu wa katekisimu ile, sura ya 18, aya ya 3. Linasema wazi kwamba muumini wa kweli anaweza kungoja muda mrefu na kupambana na mengi kabla ya kupata uhakika wa wokovu. Wapuritani wenyewe waliliandika hilo!

Na kabla ya yote, Richard Sibbes, Mpuritani mwingine, kitabu chake cha 1630 juu ya Isaya 42:3: “Mwanzi uliopondeka hatauvunja, wala utambi utokao moshi hatauzima.” Huyo asomwe kwanza na kila mwenye dhamiri laini.

Mwimbaji wa Zaburi
Cheche ni moto. Mungu akubariki.

Mzee wa Kanisa
Nikazie hapo. Tiba imo ndani ya katekisimu ile ile, swali la 33 na la 35. Kuhesabiwa haki, yaani Mungu kumsamehe mwenye dhambi na kumkubali kuwa mwenye haki, kunaitwa tendo la neema ya Mungu. Utakaso, yaani kufanywa mtakatifu hatua kwa hatua, unaitwa kazi ya neema yake. Tendo hufanyika mara moja likaisha, kazi huendelea. Ukipima tendo kwa kipimo cha kazi lazima ukate tamaa, kwa sababu kazi haijaisha. Anayefundisha kwa Kiswahili asichanganye maneno haya mawili. Na katikati yao, swali la 34, kuna kufanywa wana. Watu huruka hilo, na ndilo tamu kuliko yote.

Panga la Roho
Mbona mnambembeleza msomaji? Mpeni John Owen, Mpuritani mwenzao! Kitabu cha 1656 juu ya Warumi 8:13, “kama mkiyafisha matendo ya mwili kwa Roho, mtaishi.” Sura 14 tu. Dhambi haibembelezwi.

Mwanzi Uliopondeka
Ndugu, Owen huyo huyo anasema hakuna awezaye kuifisha (kuiua) dhambi asiyekuwa ndani ya Kristo kwanza. Umemsoma mpaka hapo? Ukimpa Owen mtu asiyejua kusamehewa kwake, umempa panga ajikate.

Panga la Roho
Nimemsoma. Nasema tusimcheleweshe.

Dada Daftari
Sentensi za Owen pia ni ndefu mno. Siri yake ni kusoma kwa sauti na kusimama kwenye kila kiunganishi. Sentensi moja inaweza kubeba hoja tatu. Watson ana sentensi fupi na mifano ya nyumbani, ndiyo maana anafaa kwanza. Mpuritani Jeremiah Burroughs (kitabu cha 1648, kuhusu kuridhika) yuko katikati.

Kijana wa Berea
Na Richard Baxter, Mpuritani pia? Kile chake cha 1650 juu ya pumziko la watakatifu kinafundisha kutafakari mbinguni hatua kwa hatua.

Panga la Roho
Baxter akae pembeni. Mafundisho yake juu ya kuhesabiwa haki yaliyumba, Owen mwenyewe alipambana naye.

Mzee wa Kanisa
Kwenye kuhesabiwa haki usimfuate, kweli. Kwenye kutafakari msikilize: unaanza na akili, unasema na nafsi yako mwenyewe kwa sauti kama mhubiri anavyosema na kusanyiko, unamalizia kwa kumwambia Mungu. Huhitaji kumkubali mtu kwa yote ili ujifunze kwake kutafakari.

Mbatizaji
Tukiwa hapo, sisi Wabaptisti, tusiobatiza watoto wachanga, tunafanyaje na mafundisho ya Watson juu ya ubatizo wa watoto?

Taa Mezani
Soma, ujue hoja yake, kisha fuata dhamiri yako. Ungamo la Kibaptisti la 1689 limefuata lile la Westminster kwa sehemu kubwa, kwa hiyo utakuwa nyumbani karibu kote. Tafadhali tusianze vita ya maji hapa.

Mbatizaji
Sianzi. Nimeuliza tu.

Kijana wa Berea
Lakini ninyi mnajua Watson alivyoishi? 1651, Uingereza ikiwa haina mfalme, alitupwa gerezani pamoja na mchungaji mwenzake Christopher Love, wakishtakiwa kwa njama ya kumrudisha mfalme Charles II. Love alikatwa kichwa London mwezi Agosti mwaka ule. Watson akaachiwa 1652, akarudi kuhubiri parokia yake ya St Stephen Walbrook. Mfalme yule waliyefungwa kwa ajili yake akarudi kweli, 1660. Na chini ya mfalme huyo huyo, tarehe 24 Agosti 1662, Watson akafukuzwa mimbarani kwa kukataa kutamka kwamba anakubali yote yaliyomo katika kitabu cha sala cha Kanisa la Uingereza. Wachungaji kama 2,000 walipoteza nafasi zao katika miaka ile! Sheria ya 1664 ikakataza mkutano wa ibada wenye watu watano au zaidi nje ya watu wa nyumba. Ya 1665 ikawazuia kuikaribia miji na parokia walizotumikia, umbali wa maili tano, kama kilomita 8. Mwisho wake, 1686 huko Barnston, Essex, alifariki ghafla akiwa katika sala ya faragha.

Mwimbaji wa Zaburi
Akiwa anaomba!

Panga la Roho
Alifungwa kwa ajili ya mfalme, akafukuzwa na mfalme huyo huyo. Ee Bwana.

Dada Daftari
Sasa anaposema juu ya maongozi ya Mungu, swali la 11, utamsoma tofauti.

Mwanzi Uliopondeka
Na ndiyo sababu maandishi yao yanaingia nyumbani vizuri hivi. Mikutano ilipozuiwa, sebule ikawa kanisa. Jaribuni hivi kwa ibada ya nyumbani: swali moja, andiko moja, aya moja ya Watson, zaburi, sala. Dakika 15. Aya moja tu, kwa sababu watoto wakichoshwa watamchukia Watson maisha yao yote.

Kijana wa Berea
Maswali mawili kwa wiki, wiki 54, katekisimu imekwisha.

Dada Daftari
Tahadhari za vitabu vyenyewe. Matoleo mengi ya sasa yamekata kazi ya Watson mara tatu: mafundisho, Amri Kumi, Sala ya Bwana. Ukinunua la kwanza usishangae kutoziona amri. Nakala za kale mtandaoni zina s ndefu inayofanana na f, kwa hiyo neno la dhambi kwa Kiingereza linasomeka kama pezi la samaki. Dalili ni kwamba s ya mwisho wa neno huwa ya kawaida. Tena maneno yamehama maana: conversation kwao ni mwenendo, prevent ni kutangulia, na interest in Christ ni kuwa na fungu lako ndani ya Kristo. Ukikwama linganisha na Biblia ya Kiswahili, Wafilipi 1:27 imeandika “mwenendo” moja kwa moja.

Neema Tele
Wapendwa, Kiingereza changu ni kidogo. Nianzie wapi?

Mzee wa Kanisa
Mwanangu, anza na John Bunyan, Mpuritani pia, kitabu chake cha msafiri cha 1678 kimetafsiriwa kwa Kiswahili. Humo mafundisho yanatembea kwa miguu.

Panga la Roho
Hapo nakubaliana na mzee.

Taa Mezani
Na leo usiku, kabla hujakipata, chukua swali la 1 la katekisimu: kusudi kuu la mwanadamu ni kumtukuza Mungu na kumfurahia milele. Fungua 1 Wakorintho 10:31 kwa kumtukuza, Zaburi 73:25 kwa kumfurahia. Andika kazi tatu utakazofanya kesho, hata kupika na kufua, kisha ombea kila moja kwa aya hizo mbili.

Neema Tele
Zaburi 73 nimeshaifungua.