Kado ya Bonana (zawadi ya Mwaka Mpya) kwa walimu wa mtoto: mmoja nataka kumpa zaidi ya wenzake, nisaidieni (Lubumbashi)

MamaBenedi (Jumatatu usiku)

Habari za usiku ndugu zangu. Naomba ushauri, na naomba msinicheke. Mtoto wangu wa kiume yuko darasa la 4 la msingi. Ijumaa wanapewa bulletini ya matokeo na shule inafungwa kwa ajili ya Noeli. Nataka kuwapa walimu wake kitu kidogo cha Bonana. Walimu wenyewe ni watano. Nimetenga franki 90.000.

Nimefikiri hivi: wanne wapate sukari na sabuni ya kuoga, kila mmoja fungu lake. Yule wa darasa nimpe kitu kikubwa zaidi. Sasa ninaogopa wenzake wakijua italeta maneno. Tena sijui nikipeleke wapi: shuleni, kwake nyumbani, ama mtoto akibebe mwenyewe? Tangu jana sijalala vizuri.

DadaRuashi

Usijitese bure, mama. Mpe kitenge. Mwaka jana nilimnunulia mwalimu wa binti yangu yadi 6 pale soko la Mzee Kabila, na nikuambie kabisa, bei ya kwanza usiikubali, muuzaji ataona umevaa vizuri atapandisha. Nyunyiza maji kwenye kona ya kitambaa usugue na kidole: rangi ikitoka, kiache. Mwalimu alikishona, akakivaa 8 Machi, siku ya wanawake, kila mama akawa anamuuliza amekitoa wapi. Mpaka leo tunasalimiana kama ndugu.

Papa_Mapacha

Mimi nina mapacha, nao wamewekwa madarasa mawili, kwa hiyo Bonana yangu ni mara mbili. Nisikilize: usipeleke kitu chenye uhai. Mwaka juzi nilibeba jogoo kwenye teksi-basi njia ya Kasapa, kamba ikafunguka, akaruka mpaka mgongoni kwa dereva. Abiria walishuka wote. Nilifika shuleni na jogoo amebaki nusu ya manyoya yake, na mwalimu akamkataa, anasema anaonekana mgonjwa. Tulimla wenyewe.

Mwalimu_Mstaafu

Nimefundisha miaka 31, kwa hiyo niruhusuni niseme kidogo.

Kado tulizozipata nyingi zilikuwa vikombe na kalenda. Mwaka mmoja nilirudi nyumbani na vikombe tisa, na kabatini hamna chai. Ukitaka kumfurahisha mwalimu mwezi wa Desemba, fikiria bunga, unga wa mahindi. Mahindi ya huku kwetu yanavunwa Aprili na Mei, kwa hiyo kufika Noeli ghala za watu zimeisha, tunategemea mifuko inayoingia kutoka Zambia, na bei inapanda wakati watoto wote wako nyumbani wanakula. Mfuko wa kilo 25 kwa wakati huo ni heshima kubwa.

La pili: usitoe mbele ya darasa. Mimi niliwaona wale ambao wazazi wao hawakuleta kitu. Walikuwa wanainama wanatafuta kalamu chini ya dawati, na kalamu iko mkononi.

MamaBenedi (Jumanne asubuhi)

Asanteni sana. DadaRuashi, kitenge nimeshanunua, avansi, malipo ya mwanzo, nimetoa wiki jana. Kiko kwa fundi hapa Katuba. Fundi hakuwa na vipimo, nimemwambia akate shati kama la mume wangu, ila mabega yawe mapana kidogo. Swali langu ni la namna ya kulitoa tu.

DadaRuashi

Shati? Mama, tangu jana nikisoma "mwalimu wa darasa" nilimwona mwanamke!

TantiniWaKenya

Na mimi pia. Sasa nikusemee kama dada yako mkubwa, usinikasirikie. Mwanamke aliyeolewa hamshonei mwanaume mwingine shati. Nguo ni mwili. Umejuaje mabega yake ni mapana? Hapa kwetu komini ya Kenya, hapahapa Lubumbashi, jirani yangu mmoja alianza na tai tu, tai moja ya sikukuu, leo nyumba ile ina milango miwili. Mpe bunga kama alivyosema mwalimu mzee, na umpe mbele ya mume wako. Mume wako anajua?

MamaBenedi

Tantini, mabega ya mtu yanaonekana hata akiwa amesimama mlangoni. Mume wangu yuko upande wa Kolwezi kwa kazi, anarudi tarehe 24. Nitamwambia akifika. Sifichi kitu chochote. Shati limeshakatwa, kitambaa kilichokatwa hakirudi kuwa kitenge. Nimeuliza nilipeleke wapi, basi.

Kasumbalesa_Kila_Siku

Mimi ninavuka mpaka kila wiki, naweza kukuletea mfuko wa bunga kwa bei nzuri. Ila shati lenyewe rangi gani?

Mwalimu_Mstaafu

Binti yangu, acha nikuulize taratibu. Umeeleza kado, umeeleza fundi, umeeleza mabega. Hujasema huyu mwalimu amefanya nini ambacho wenzake wanne hawakufanya. Mzazi hakosi usingizi kwa ajili ya shukrani ya kawaida.

MamaBenedi (Jumanne usiku)

Mwalimu, nimekaa na swali lako mchana mzima.

Tunadaiwa minervali, karo ya shule. Ya Novemba na ya Desemba. Kampuni ndogo anayofanyia kazi mume wangu haijalipa mishahara tangu Oktoba. Shuleni kwao mhasibu anapita na orodha kila Jumatatu, anaingia darasa kwa darasa, anasoma majina, mtoto anabeba mkoba wake anarudi nyumbani. Wangu hajarudishwa hata mara moja. Nilidhani jina lake limesahaulika, nikashukuru Mungu nikanyamaza.

Jumatatu moja nikafua kaptula yake ya shule, nikakuta mfukoni unga mweupe umeganda na vipande vya chaki. Nikamuuliza kama anaiba chaki. Akasema: "Hapana mama, mwalimu ananituma stoo kuchukua chaki kila Jumatatu, ananiambia nihesabu moja moja mpaka mia, nisikimbie, nisirudi kabla sijamaliza." Nikamuuliza saa ngapi. Ni saa ileile ya mhasibu.

Hiyo ndiyo sababu. Sikutaka kuiandika.

Papa_Mapacha

Mama, umeniliza, na niko kazini.

Kasumbalesa_Kila_Siku

Pole sana. Lakini dawa ya deni ni kulipa. Hizo 90.000 peleka kwa mhasibu, usinunue sukari ya mtu yeyote.

MamaBenedi

90.000 haifiki hata mwezi mmoja. Nimepiga hesabu mara nyingi kuliko nyinyi. Nikilipa nusu ya Novemba, jina linabaki palepale kwenye orodha. Nikimpa mwalimu shati, angalau atajua kwamba nimejua. Naona nina haki ya kushukuru hata kama nina deni.

Mchunguzi_Kamalondo

Samahani, mimi hadithi hii hainiingii. Darasa la 4 la msingi lina mwalimu mmoja, sote tumesoma hapa, hao watano wametoka wapi? Pili, msingi ni bure. Katiba ya 2006 inasema hivyo kwenye kifungu cha 43, na serikali imeanza kutekeleza Septemba 2019. Minervali ya nini basi? Tatu, akaunti hii imefunguliwa Jumapili. Mimi nafikiri anayeandika ni mwalimu mwenyewe, anatuandaa mapema ili Ijumaa tusije mikono mitupu.

TantiniWaKenya

Hata mimi mambo ya chaki mia moja yalinishangaza. Nani ana chaki mia moja stoo?

Papa_Mapacha

Eh! Kwa hiyo nimelia bure?

DadaRuashi

Kuna walimu wa namna hiyo kweli. Shuleni kwa kaka yangu waliandika kabisa kwenye daftari la mawasiliano: "Wazazi wasisahau walimu wakati wa sikukuu." Tulipeleka kwa hofu ya pointi za mtoto, si kwa moyo.

Mwalimu_Mstaafu

Mchunguzi, kifungu umekitaja vizuri, kimalizie: kinasema shule za umma. Shule binafsi hazimo, wazazi wanaendelea kulipa. Na shule binafsi nyingi za hapa mjini zina mwalimu wa darasa, halafu mwingine wa Kiingereza, wa kompyuta, wa dini, wa michezo. Hesabu utawapata watano.

Kuhusu chaki, pakiti moja ya kawaida ina vipande mia. Mtoto anafungua pakiti anahesabu anarudisha. Ni kazi ya dakika kumi ukimwambia mtoto asikimbie. Mtu asiyewahi kusimama darasani hawezi kuitunga.

Mchunguzi_Kamalondo

Mwalimu ninakuheshimu, lakini mwache ajibu mwenyewe.

MamaBenedi (Jumatano)

Ni shule binafsi, ndiyo. Tulimwandikisha mume wangu alipokuwa analipwa. Akaunti nimeifungua Jumapili kwa sababu marafiki zangu wote wako kwenye kundi la wazazi, na kule siwezi kuandika kwamba ninadaiwa. Mimi ninauza mkaa, sijawahi kuwa mwalimu. Kaptula bado ninayo, doa halijatoka mshononi ndani ya mfuko, nimelisugua kwa brashi. Kama huamini, sina kingine cha kukuonyesha. Sikuja hapa kuomba pesa ya mtu.

FundishaPolepole

Nilikuwa nasoma tu bila kuandika, lakini hapa siwezi kunyamaza. Mimi ninafundisha shule binafsi, upande wa Kampemba. Mama Benedi, unajua mshahara wetu unatoka wapi? Unatoka kwenye minervali. Serikali haitulipi sisi. Wazazi wasipolipa Novemba, direkta anatuita anatuambia kasha ni tupu, na tunarudi nyumbani na nusu. Desemba hii mimi nimepokea nusu.

Kwa hiyo huyo mwalimu, kila Jumatatu akimtuma mtoto wako stoo, anaficha sehemu ya mshahara wake mwenyewe, na anajua. Simsemi vibaya, na mimi ningetamani niwe na moyo huo. Ila shati ukilipeleka shuleni likaonekana, watu watauliza kwa nini yeye tu, na jibu likifika kwa direkta ni yeye atakayeitwa ofisini.

Mwalimu_Mstaafu

Hapo ndipo nilipotaka kufika, na nilikuwa naogopa kufika.

Miaka ya 90 serikali ilipoacha kutulipa, wazazi ndio walitubeba kwa pesa ya kila mwezi iliyoitwa prime. Hata shule za umma. Kila mwezi orodha ililetwa, na kwetu hapakuwa na mhasibu wa kuzunguka, mwalimu alisoma mwenyewe. Mimi nilisoma. Nilikuwa na watoto watano nyumbani, na majina niliyoyasoma ndiyo yaliyokuwa bunga langu. Kulikuwa na msichana mmoja alikaa karibu na dirisha, alikuwa anafunga mkoba kabla sijafika kwenye jina lake. Mpaka leo nikipita njia ile ninaangalia kama nitamwona. Wazo la kumtuma mtoto chaki halikunijia katika miaka yote hiyo.

Binti yangu, nenda kwa mhasibu kabla ya Ijumaa na hizo pesa, hata kama hazitoshi. Usiseme unaomba msamaha wa deni, sema unaleta sehemu, na umwombe akuandikie risiti yenye tarehe. Mwambie siku ambayo utaleta nyingine. Mtu mwenye risiti hafukuzwi kwa urahisi kama mtu aliyenyamaza. Shati limalize, ila lisifike shuleni.

Mchunguzi_Kamalondo

Mama Benedi, nisamehe. Mwanangu aliwahi kusema uongo juu ya pesa za shule, tangu hapo naona uongo kila mahali. Nilikosea kukusema mbele za watu.

TantiniWaKenya

Mimi la shati bado sijalikubali. Subiri mume afike tarehe 24, mwende wote wawili kwa mwalimu, na yeye ndiye alitoe mkononi. Hapo nitanyamaza.

MamaBenedi (Alhamisi mchana)

Nimetoka shuleni sasa hivi. Nimetoa 90.000 zote. Mhasibu ameandika risiti: sehemu ya Novemba. Nimemwambia inayobaki ninaleta masomo yakianza tena, baada ya sikukuu ya mashahidi wa uhuru ya 4 Januari. Amenitazama kwa muda, akasema "sawa mama", basi. Kumbe nilikuwa namwogopa mtu wa kawaida tu.

Sikufikiria kamwe kwamba mwalimu anakula kutoka kwenye orodha ileile. Ndugu FundishaPolepole, hilo limeniuma.

Wale walimu wanne nitawapelekea maembe. Mti wa uani umejaa, kila mmoja nitampimia ndoo yake ndogo, na wa darasa naye ndoo ileile sawa na wenzake. Shati litasubiri mume wangu, Tantini, nimekusikia. Tutaenda kwa mwalimu jioni, kwake, bila mtoto.

Sasa fundi amenipigia simu, anataka kumaliza leo kabla ya saa 10 jioni. Anauliza mikono iwe mirefu ama mifupi. Mume wangu anapenda mirefu.

DadaRuashi

Mirefu, ya sikukuu.

Kasumbalesa_Kila_Siku

Mirefu. Lakini rangi hujasema mpaka leo!

Mwalimu_Mstaafu

Mifupi. Mikono mirefu inakusanya chaki.