Ex ananifuatilia kila ninapoenda, nianzie wapi? Naomba ushauri

Habari zenu wadau. Kuna kaka tuliachana mwaka jana ila hajakubali, nikimbloku anakuja na laini nyingine, usiku anatuma meseji "leo umependeza na hilo gauni la kijani" na mi hata sijamuona, yaani roho inaniruka. Siku hizi anakaa kijiwe cha boda pale ninaposhukia daladala, haongei kitu, ananikodolea tu mpaka nipite. Mama anasema nimpuuze atachoka, mi naona huyu hachoki leo wala kesho.

Nilienda kituo cha polisi nipate RB (namba ya taarifa niliyoripoti), askari wa kaunta akauliza kama kanipiga, nikasema hapana, akacheka eti mambo ya mapenzi hayo mkayamalize wenyewe. Sasa nasikia polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inagusa hizi meseji za kusumbua na kutishia. Skrinshoti ninazo zote na namba zake.

Je niende moja kwa moja dawatini au nianzie kwa mjumbe? Na kazini nimwambie bosi? Maana huyu ex ameshaanza kumuuliza mlinzi wetu natoka saa ngapi.