Tanzanaiti yapasuka ndani ya pete ya fedha

Muulizaji, Mji Mkongwe: Asalaam alaykum. Nilisugua tanzanaiti ya Mererani ikapata mgongo wa mviringo, lakini nilipolehemu pete jiwe likiwa ndani, lilipasuka. Nimekosea wapi?

Sonara, Chake Chake: Waalaykum salaam, ndugu yangu. Tanzanaiti haistahimili mabadiliko ya ghafla ya joto, na lehemu ngumu ya fedha huyeyuka kwenye nyuzijoto zaidi ya 700. Kwa hiyo ukingo, yaani utepe wa fedha unaolizunguka na kulishika jiwe, hulehemiwa kwanza, pete ikapoa na kusafishwa, ndipo jiwe likatiwa na ukingo ukalazwa juu yake taratibu, upande huu kisha ule unaouelekea.

Mchangiaji, Wete: Ukingo uwe wa fedha ya 999, yaani sehemu 999 za fedha safi katika kila 1,000, iliyo laini kuliko ya 925. Mimi niliharibu mawe mawili kabla ya kusikia la mtu.

Muulizaji: Ahsanteni. Basi jiwe lijalo nitalifanyia kidani, kwani pete hugongwagongwa mno.