Bustani ndefu kando ya mfereji wa mvua, Mtwara: mchoro huu umekaa sawa?

Mdau_Chikongola
Wakuu, mtaani kuna kipande cha wazi, urefu mita 800, kinakwenda kaskazini-kusini. Magharibi kuna mfereji wa maji ya mvua, mashariki kuta za nyumba, katikati mita 12. Mchoro wetu una njia ya pevingi katikati, maua pande zote na miti ya mikungu kila mita 4. Tutakwama wapi?

Mchora_Mitaa
Njia ifute hapo katikati. Ikikaa hapo inakuachia vipande viwili visivyofika mita 5, na watoto hawana pa kuchezea. Isogeze: acha mita 1.5 toka ukutani, kisha njia ya mita 2.5, iinamie mfereji kwa sentimita 5. Miti mstari mmoja, mita 1.5 magharibi ya njia, ndiyo itakayozuia jua la alasiri. Hapo mpaka mfereji unabaki na mita 6.5 za wazi: ni uwanja wa watoto, na ndipo kijiko, ule mtambo wa kuchimba, kitapita kuzoa mchanga wa mfereji kabla ya mvua. Watu husahau kijiko, halafu kinang'oa bustani nzima.

Mikungu acha. Majani yake mapana yanaziba kalavati. Mwarobaini kila mita 8, miti 100, changanya na mikwaju.

Na kabla ya kuchora chochote, piga vigingi kila mahali watu wanapokatiza sasa hivi. Hapo ndipo milango na vivuko. Ukipaziba kwa maua watayakanyaga, na wana haki.

Miche_na_Samadi
Shimo sentimita 60 kila upande. Ukikuta mwamba wa matumbawe, panua hadi mita 1 na uvunje kitako kwa mtaimbo. Jaza maji jioni. Yakiwa bado yapo asubuhi, mzizi utaoza humo. Udongo wa juu uweke pembeni, urudishe na debe moja la samadi iliyooza.

Panda Desemba, mvua ikishalowesha ardhi vizuri. Shida inaanza Juni: hadi Novemba kila mche unataka lita 20 mara mbili kwa wiki. Miti 100 ni lita 4,000 kila wiki. Nani anazibeba? Kama jibu halipo, panda 40 mwaka huu. Na uzio wa fito ufike kifuani, mbuzi wa mtaani hawana adabu.

Mdau_Chikongola
Asanteni sana. Na bodaboda je? Tuweke nguzo?

Mchora_Mitaa
Nguzo za zege zikiachana mita 1.2 zinazuia bajaji, maana ina upana wa mita 1.3. Bodaboda itapita tu. Ukibana zaidi unamfungia mwenye kiti cha magurudumu, kwa hiyo usibane. Pindisha njia kidogo kila mita 50, mwendo utapungua. Mabenchi nayo yawe ya zege: mbao zitaliwa na mchwa, chuma kitaliwa na chumvi.