Ukoo wa Kuka: Picha ya Imani

18:12 Shangazi Nekesa: Picha ya ubongo ya mtoto Imani ni Alhamisi hii, saa tatu asubuhi, Kisumu. Tunatoka Bungoma na gari la nani? Watu 19 mmesoma, mko kimya.

18:40 Anko Sifuna: Si alipigwa MRI mwaka jana? Tukaambiwa daraja la ubongo, lile la kuunganisha nusu mbili, halipo. Limeota?

18:44 Wafula Rediografa: Halioti, anko. Ile ilionyesha daraja halipo, hii ni MRI ya aina nyingine (DTI), inafuata nyuzi za neva zilikoenda. Mara nyingi nyuzi zipo ila zimeshindwa kuvuka, zikageuka na kwenda mbele-nyuma kila upande. Huitwa mafungu ya Probst. Kwenye ramani ya rangi, nyekundu ni kushoto-kulia, kijani mbele-nyuma, buluu juu-chini. Pale kati utakosa nyekundu, uone mikanda miwili ya kijani.

18:45 Barasa: Kijani ni Gor Mahia 😂 Mtoto wa Ingwe (AFC Leopards) amehama lini?

18:46 Anko Sifuna: Buluu juu-chini, hiyo ni Ingwe kwenye jedwali.

18:47 Shangazi Nekesa: GARI!!

18:52 Wafula Rediografa: Shangazi, kabla ya kulipa uliza wanapima mwendo wa maji ya ubongo kwa mielekeo mingapi. Sita ndiyo kima cha chini, lakini kwa kufuata nyuzi omba 30 au zaidi, b (nguvu ya kipimo) 1000, vipande vya picha vya milimita 2 pande zote. Kichwa kikicheza, nyuzi hukatika kwenye kompyuta na mtu anaandika hazipo. Ndiyo maana ya dawa ya usingizi. Na kwa dawa hiyo tumbo liwe tupu: uji mwisho saa tisa usiku, ziwa la mama saa kumi na moja alfajiri, maji matupu saa moja. Na ile michoro ya nyuzi si neva zenyewe, kompyuta inakisia kwa mwendo wa maji ndani ya ubongo. Nyuzi zikipishana inaweza kushika njia isiyo yake.

18:55 Barasa: Pikapu ya anko ipo.

18:56 Anko Sifuna: Ile iliyoenda Kitale ikarudi bila taa?

18:57 Shangazi Nekesa: Taa tulilipa.

18:57 Anko Sifuna: Mlilipa moja.

20:31 Kuka: Sifuna. Pikapu itoke saa kumi alfajiri. Ya Kitale utaniletea mimi nyumbani.

20:33 Anko Sifuna: Ndiyo, Baba.

21:58 Mama Imani: Nimeona sasa. Alisukwa jana, ncha zina pete ndogo za chuma.

22:01 Wafula Rediografa: Fumua zote. Chuma karibu na kichwa hupinda picha, na hii ya nyuzi hupindika kuliko zingine.

22:04 Shangazi Nekesa: Na mafuta nani anaweka?

22:47 Barasa: Kwani ni Alhamisi hii?