Naomba ushauri: naridhika na vichache, mwenzangu haridhiki

Heshima kwenu wakubwa, na wadogo zangu nawasalimu.

Kwa muda sasa nimeamua kuishi na vitu vichache: nguo ninazozivaa kweli, vyombo vinavyotumika, na simu nisiyoibadilisha kwa sababu tu toleo jipya limetoka. Nimepata utulivu mkubwa, hasa kwa kuwa fedha iliyokuwa ikipotelea kwenye manunuzi sasa inalipa madeni.

Ugumu uko kwa mwenzangu, ambaye alikulia katika uhitaji na kwake kabati lililojaa ni usalama. Kila ninapopendekeza tugawe kitu kisichotumika, huona kwamba nairudisha nyumba kwenye umaskini alioukimbia. Namwelewa, maana kupunguza kwa hiari si sawa na kukosa, na wahubiri wengi wa maisha sahili (baadhi yao wenye akiba nono) hulipita jambo hilo haraka. Epicurus, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, alitofautisha matamanio ya asili yaliyo ya lazima, ya asili yasiyo ya lazima, na yale yasiyo ya asili wala ya lazima. Mgawanyo huo unanitosha nikiwa peke yangu, ila sijui nani achore mpaka pale wanapoishi wawili.

Waliopitia hali hii, je, mlipunguza vitu vyenu binafsi tu na kuviacha vya pamoja, au mlikubaliana kwanza juu ya matumizi ya fedha? Na watoto, ambao hujilinganisha na wenzao, mliwaelezaje bila kuwatia aibu?