Gari automatiki inashtuka ukiondoka polepole: tupeane uzoefu

dreva_himbi (Goma)

Yambo bandugu. Nafungua hii juu kila mara naona mtu analalamika gari yake ya automatiki inashtuka-shtuka akiondoka polepole, na mbele hata hajaeleza vizuri, watu wamekwisha muambia bwati (sanduku ya vitesi, yaani gia) imekufa atafute ingine. Bwati ya okazioni ni pesa nyingi na haujui ilitoka kwenye gari ya namna gani. Mimi naamini kabisa kuna bwati nyingi hapa Goma zilitolewa zikiwa nzima. Kwa hiyo kila mwenye alipitia hiyo shida aseme: ni gari gani, ilikuwa inashtuka wakati gani SAWASAWA, na mwishowe walikuta nini.

Naanza na yangu. IST ya zamani, ile ya vitesi nne. Ilikuwa inashtuka nikipanda kutoka centre-ville kuelekea Munigi, nikikanyaga mafuta kidogo tu, kati ya mizunguko 1,500 na 2,000 ya moteri kwa dakika. Nikikanyaga sana inakimbia vizuri. Kwenye barabara sawa haifanyi kitu. Ralanti ilikuwa nzuri, na taa ya moteri ilikuwa inawaka-inazima nikiwa kwenye mlima, kisha inatulia.

Garaji ya kwanza walisikiliza dakika mbili wakasema bwati. Fundi wa pili, kijana mtulivu sana, akaniambia papa, taa ikiwaka-ikizima vile ni silinda moja haichomi, hiyo si bwati. Akaingiza skaneri, ikatoa kodi P0302, maana yake silinda ya 2. Hakuninunulisha kitu papo hapo. Alichukua bobini ya silinda ya 2, ile inapeleka moto kwa buji, akaiweka kwa 3, ile ya 3 akaiweka kwa 2, akafuta kodi, tukarudi kupanda. Skaneri ikasema P0303. Ugonjwa ulihama pamoja na bobini! Akanionyesha mpira wa chini wa hiyo bobini, ndani kulikuwa ka mustari keusi kembamba kama unywele kanashuka, na kwenye kauri nyeupe ya buji kulikuwa mwenzake palepale. Moto ulikuwa unapita pembeni badala ya kushuka kwenye ncha. Bobini moja, buji nne, gari ikatulia.

Kitu kingine mtu wa Goma ajue: tuko karibu mita 1,500 juu ya bahari, hewa hapa ni nyepesi, moteri isiyo na turbo inapoteza karibu asilimia 15 ya nguvu zake. Kwa hiyo kwenye mlima bwati inatafuta-tafuta vitesi zaidi kuliko kwa mutu wa Dar es Salaam. Kushusha vitesi kwenye mlima si ugonjwa. Kuruka-ruka ndiyo ugonjwa.

jirani_katindo (Goma)

Asante kaka kwa kufungua hii. Yangu ni Ractis ya CVT na nataka watu wasome vizuri juu hii iliniuma. Gari ilikuwa haina kitu. Nilipeleka garaji moja kwa vidange ya kawaida, nikawaambia na mafuta ya bwati muangalie. Siku ya kuichukua, nikiondoka tu kwenye Rond-point Signers, gari inatetemeka tangu inaanza kutembea mpaka kama 20 km/h, kisha inanyamaza. Nikisimama tena, nikiondoka tena, vilevile.

Walikuwa wameweka mafuta mekundu ya bwati ya kawaida. CVT haina vitesi kama bwati ingine, ndani ni mukaba wa chuma unabanwa kati ya puli mbili, na yale mafuta yake yametengenezwa ili chuma na chuma zishikane bila kuteleza. Ukiweka ya kawaida, mukaba unateleza wakati wa kuondoka njo ile kutetemeka. Nilipowarudia waliniambia mafuta ni mafuta. Hapana! Hata kwa Toyota peke yake, T-IV na WS ni mafuta mbili tofauti, na ya CVT ni ingine tena. Imeandikwa kwenye kitabu na mara nyingi kwenye kijiti chenyewe cha kupimia.

Nilienda kwa mtu mwingine, akamwaga, akaweka ya CVT, nikatembea kidogo, akamwaga tena akaweka mapya, juu ukimwaga mara moja hautoi yote, mengi yanabaki ndani ya konvertisa, ile inaunganisha moteri na bwati. Kutetemeka kukaisha. Lakini kuna ka sauti kembamba kalibaki nikifika 40, kenye hakakuwako mbele. Hako sijakasamehe.

fundi_kadutu (Bukavu)

Mama wa Katindo pole sana. Mimi nafanya hii kazi hapa Bukavu na mji wetu huu ni milima tu, mtu anatoka Nyawera anapanda Kadutu, bwati inafanya kazi kuliko moteri. Ngoja niseme vile mimi natafuta, kila fundi ana yake.

Mbele ya kufungua kofia nauliza mwenye gari. Inashtuka asubuhi ikiwa baridi ama ikiisha pata moto? Inashtuka gari ikitembea tu, ama hata ukiwa umesimama unaweka D? Mizunguko inapanda bila gari kuendelea, ama mizunguko yenyewe inaanguka? Hii ya mwisho ndiyo kubwa. Mizunguko ikipanda peke yake na gari inabaki nyuma, hapo bwati inateleza. Mizunguko ikianguka na gari ikiregea pamoja nayo kisha inaruka, mara nyingi ni moteri inakosa moto, hewa ao esansi. Watu wanatazama kilometa kwenye tablo, mimi nawaambia mutazame sindano ya mizunguko.

Kisha mafuta ya bwati. Na hapa nakasirika juu naona watu wanapima moteri ikiwa imezimwa, gari imeinama kwenye mlima, halafu wanasema "imejaa". Kwa gari nyingi zenye kijiti: tembea mpaka ipate moto vizuri, simama pa sawa, acha moteri inazunguka, kanyaga freni, pitisha levia P, R, N, D mpaka chini, rudisha P, ndipo uchomoe kijiti, pangusa, rudisha, chomoa tena, soma upande wa HOT. Dondosha tone moja kwenye karatasi nyeupe. Mekundu ama ya rangi ya waridi ni sawa. Kahawia bila harufu, yamezeeka. Meusi na yananuka kama kitu kimeungua, hapo ndani diski zimeungua, na kubadilisha mafuta peke yake usitegemee muujiza. Gari zingine hazina kijiti kabisa, zinapimwa kwa buloni ya chini na lazima ujue joto la mafuta kwa skaneri, hizo usizipime kwa kukisia.

Nikishusha karteri ya bwati, ile sinia ya chini ya mafuta, naangalia sumaku iliyo chini. Matope ya kijivu laini kwenye sumaku ni kawaida, ni uchakavu wa kila siku. Ukikuta vipande vya chuma vyenye unaweza kushika kwa vidole, mwite mwenye gari aone yeye mwenyewe kabla haujamwambia bei yoyote. Hiyo ni heshima.

taximan_ndosho (Goma)

Ndugu zangu wa gari mingi mnasahau vumbi. Hapa kwetu ni mawe ya volkano, vumbi yake ni nyeusi na inakata. Filtri ya hewa inajaa haraka kuliko vile kitabu inasema, na ikipita ingine inakaa kwenye kapteri ya hewa, ile iko na ka waya kembamba kwenye mpira wa kuingilia. Kapteri ikichafuka inadanganya moteri kuhusu hewa yenye inaingia, gari inaondoka kwa kusitasita. Isafishwe na dawa yake ya kupuliza, SI na burashi, SI na esansi, ka waya kanavunjika.

Na jambo la pili ni esansi ya kadhafi, wale wauzaji wa barabarani. Sitasema zote ni mbaya juu hata mimi nanunua kwao usiku ikiwa stasyo zimefunga, lakini chukua chupa nyeupe, weka kidogo, acha itulie. Kukiwa maji utaona yanashuka chini, mstari unajionyesha. Gari yenye inashtuka tu wakati tanki iko karibu na kuisha, mimi nafikiri maji kwanza.

wa_lushi (Lubumbashi)

Jambo bote. Miye niko Lubumbashi, yangu haikuwaka ya kuondoka, ilikuwaka pa 60 mpaka 70 mu barabara ya Likasi, nikiacha muguu kidogo tu pa mafuta gari inatetemeka kama unapita pa tole ondile, na barabara iko laini kabisa. Bantu bakaniambia pine, nikafanya balansi ya pine. Bakaniambia kardani. Ile kutetemeka ikabakia.

Mzee mmoja fundi wa kule Kamalondo akaingia na miye mu gari. Akaniambia tembea 65, usitoshe muguu pa mafuta, sasa na muguu wa kushoto gusa freni KIDOGO tu, ile ya kuwasha mataa ya nyuma, usifunge. Nikagusa, kutetemeka kukakatika palepale. Nikaachilia, kukarudia. Akasema njo konvertisa. Iko na ambreyaji ndani yenye inafungaka wakati gari iko inatembea bila kazi nguvu, ili isipoteze esansi, na ukigusa freni bwati inaifungula. Kama kutetemeka kunaisha pa ile saa, haina pine, haina kardani. Tulimwaga mafuta ya bwati na kuweka mapya ya namba yake, tukarudilia kisha kutembea, na ikaisha. Aliniambia mbele kwamba haiishake kila mara, kama diski ilishaungua iko konvertisa mupya. Lakini unaanza na mafuta.

Tafazali mufanye ile pa barabara yenye haina bantu, na mwingine akuangalilie nyuma.

mama_nyawera (Bukavu)

Yangu ni fupi. Kila nikiweka D gari inapiga "du!" na nikiondoka inapiga tena. Bwati nzima. Ilikuwa ile mipira inashikilia moteri, sipori, mmoja umekatika. Fundi alifungua kofia, akanikalisha kwa kiti, mguu wote kwenye freni, fren ya mkono juu, nikaweka D kisha R polepole, yeye akisimama PEMBENI si mbele ya gari. Moteri ilikuwa inainuka upande mmoja mpaka inaonekana kwa macho. Barabara zetu na hizi shimo, naona mipira hii inakufa kwa wengi.

mgeni_majengo (Goma)

Mimi nauliza. Noah, inashtuka asubuhi tu, dakika za kwanza nikitoka nyumbani, kisha inakuwa nzuri siku nzima. Skaneri ya simu nimenunua, ile ndogo ya kuchomeka, inakataa kuongea na gari.

fundi_kadutu (Bukavu)

Papa, gari zingine zilizotengenezwa kwa soko la Japani zinakataa zile skaneri ndogo, si lazima iwe mbovu, tafuta fundi mwenye skaneri kubwa. Kwa sasa fanya hivi: asubuhi washa, usiweke D palepale. Moteri baridi inazunguka juu kidogo, 1,400 ao 1,500, na ukiweka D hapo bwati inapokea kwa nguvu. Ngoja sindano ishuke karibu na 1,000. Kama hapo inaondoka vizuri, tumekwisha punguza maswali. Kama bado inasitasita, angalia mipira ya hewa kati ya filtri na moteri, mpasuko mdogo unajifunga moteri ikipata moto. Na uniambie kama ulichomoa batri hizi siku, juu bwati za kompyuta zinasahau vile zilijifunza na zinashtuka kwanza mpaka zizoee tena.

mgeni_majengo (Goma)

Batri sijaigusa. Nimefanya ile ya kungojea sindano, "du" ya kuingia D imepungua sana lakini kusitasita kumebaki. Kwa skaneri kubwa imetoka P0171, hewa inazidi esansi. Tumeinama na tochi na kijana wa garaji, mpira mkubwa unaotoka kwenye boksi ya filtri, chini kwenye mikunjo, pamepasuka urefu wa kucha, kwa juu hauoni kitu mpaka uukunje kwa mkono. Tumefunga na skochi ya nguvu kwa muda na asubuhi ya leo imeondoka bila kusitasita hata mara moja. Mpira mupya natafuta Birere, mwenye anajua nani anauza ya Noah aniandikie. Ila kati ya vitesi ya pili na ya tatu bado nasikia ka mshtuko kadogo, hata ikiwa na moto. Kijiti nimechomoa vile fundi alisema: mafuta yako kwa HOT, kahawia, hayanuki. Nayabadilisha jumamosi, nitaleta picha ya sumaku.